Mfilipino Akisema "Baba", Mwombe Akuonyeshe kwa Kidole

Mwaka wangu wa kwanza Doha nilikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, zamu ya usiku, na dada mmoja wa Manila. Usiku huo alitoka upande wa mashine kajifunika taulo usoni, machozi yanamlengalenga: "Masakit ang baba ko."

Masakit nilishaijua, ni kuumwa. Baba sihitaji kufundishwa. Nikamshika mkono, nikampa pole, nikamuuliza mzee kalazwa wapi.

Akanitazama weee! Kisha akashusha taulo, akanionyesha kidevu. Kimevimba, mlango wa mashine ulimgonga. Kwa Kitagalog, lugha ya Manila, baba ni kidevu. Mwenzetu wa Cebu, kisiwa kingine cha Ufilipino, akadakia kutoka kwenye pasi kwamba kwao baba ni mdomo, na wakaanza kubishana wao kwa wao, kidevu kikasahauliwa. Wote wawili huikata sauti kooni mwishoni mwa neno. Sikio langu halikuikamata.

Kwa hiyo ukikutana na neno linalofanana na lako, usiliite ndugu kabla hujauliza ukoo. Hata Wachina humwita mzazi wa kiume baba, na hakuna aliyemwazima mwenzake. Kichanga huanza na midomo, ba-ba, ma-ma, wazazi wakajigawia vyeo. Wajojia, watu wa nchi ya Jojia kule Kaukazi, waligawana kinyume: kwao mama ndiye baba! Na Manila, "mama" ni mwanamume usiyemjua, kama dereva wa daladala.

Undugu wa kweli ulijitokeza usiku uleule. Msimamizi wetu Mwarabu alipita, akaona uvimbe, akasema, "Salamat." Dada akabaki anashangaa anashukuriwa kwa lipi, maana kwao salamat ni asante. Kwa Mwarabu wa Ghuba ni ugua pole. Mimi nikasikia salama. Hapo hakuna bahati nasibu: mzizi ni mmoja, wa Kiarabu. Kwetu uliingia kwa biashara ya pwani, kwao ukapitia Kimalei, kabla Wahispania hawajaitwaa Manila mwaka 1571.

Wiki iliyofuata nikajikakamua: "Kumusta ang baba mo?" Akacheka hadi akakishika tena kidevu. Halafu akaniambia hata hiyo kumusta si yao, ni ya Wahispania: cómo está.