Jibu: Mdogo wangu mweusi, sororiti za Alabama watampokea?

Habari dada. Umeuliza kama mdogo wako anayekwenda Chuo Kikuu cha Alabama atapokelewa sororiti, yaani vile vyama vya wanafunzi wa kike vyuoni Marekani, au zile lawama za ubaguzi ni kweli.

Zilikuwa kweli. Septemba 2013 gazeti la wanafunzi, The Crimson White, lilifichua jinsi msichana mweusi mwenye alama nzuri mno alivyokataliwa, na baadhi ya wanachama wakasema waliomzuia ni wahitimu wa zamani. Kelele zikapanda hadi rais wa chuo, Judy Bonner, akaagiza usajili ufunguliwe tena. Weusi wakaanza kuingia. Kuingia, lakini, si kuzoeleka.

Cha kwanza, aangalie anayoitaka iko chini ya mwavuli gani. Za Panhellenic, umoja wa sororiti ambazo kihistoria zilikuwa za wazungu, ndizo zenye yale majumba ya nguzo nyeupe na usajili wa Agosti: unasimama juani umevaa gauni, mlango unafunguliwa, wanakuimbia, unapiga soga dakika chache, basi, umeshapimwa. Nililiona hilo nikisoma Kusini mwa Marekani na sikulipenda. Za NPHC, baraza la vyama vya wanafunzi vya asili ya Weusi, mfano Alpha Kappa Alpha iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, ziliasisiwa na wanawake weusi. Kwa kawaida hutaka kwanza uwe na matokeo ya chuo, kwa hiyo asikimbilie.

Picha za matangazo asiziamini. Aombe kuongea na mwanachama mweusi wa mwaka wa tatu, faragha, amuulize nani humwalika chakula. Na karatasi ya ada aidai mapema, maana ufadhili wa masomo mara nyingi hauigusi.