Mzee wako ana kisukari na anaficha kidonda cha mguu? Anza na hofu yake

Mi naandika kwa ajili ya nyie mnaokaa na mgonjwa wa sukari nyumbani, hasa wazee wa kiume, wale ambao ukiwauliza mguu unaendeleaje wanakwambia "kadonda tu hako, kanakauka". Nimemuuguza baba, kidonda chini ya kidole gumba kikaingia mpaka kwenye mfupa, na dawa zipo, ila kazi kubwa ilikuwa kumtoa nyumbani afike hospitali.

Cha kwanza mjue kwamba haumii kweli, hadanganyi. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, miguu inakufa ganzi. Madaktari wa Dar es Salaam walishaandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliotafunwa vidole na panya usiku wakiwa wamelala wala hawakushtuka. Sasa mtu kama huyo ukisubiri aseme inauma utasubiri sana, na yeye mwenyewe kwa kuwa hasikii kitu anaona si ugonjwa wa kumpeleka hospitali.

Alafu kuna hofu ya kukatwa. Kila mtaa una mtu aliyeenda na kidonda akarudi hana mguu, watu wanasema "ukienda tu wanakata", hawasemi alikaa na usaha muda gani kabla ya kwenda. Kwaiyo na wengine wanachelewa kwa kuogopa, wanafika mfupa umeshaoza, wanakatwa, na maneno yanaendelea mtaani vilevile. Baba alikuwa anashinda na soksi ndani ya nyumba kwenye joto la Tanga, hataki mtu auone mguu, mama ndo alianza kusikia harufu.

Ndugu walikuja wakamgombeza, "utakatwa mguu wewe!" Jamani hilo ndo alilokuwa analiwaza usiku kucha, kumwambia tena kulimfunga mdomo kabisa. Kilichomfungua ni swali: baba, unaogopa nini hasa? Akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu, naogopa kulala na mguu nikaamka sina, na duka atakaa nani." Hapo tukapata pa kuanzia. Tukakubaliana hakuna karatasi atakayosaini bila kuelezwa mbele yangu, duka atashika mdogo wangu, na swahiba wake wa msikitini ambaye naye ana sukari akaja kumchukua asubuhi. Kwa mtoto angebisha, kwa rafiki yake alivaa kanzu wakaondoka.

Hospitali daktari aliingiza kichuma butu kwenye kidonda kikagonga kitu kigumu, ukiona hivyo jua mfupa umeshaguswa na uwezekano wa maambukizi ni mkubwa. Eksirei inaweza kutoka safi wiki 2 au 3 za mwanzo, msirudi nyumbani mnashangilia, ulizeni irudiwe lini au kama MRI, kipimo cha picha kinachoona ndani zaidi ya eksirei, inawezekana, ingawa bei yake najua. Ulizeni pia kama watachukua kipande cha mfupa kuotesha maabara wajue ni kijidudu gani, na kama damu inafika vizuri mguuni, maana isipofika dawa nayo haifiki.

Na si kila mfupa ulioambukizwa unakatwa! Mwongozo wa kimataifa wa 2023 wa kutibu maambukizi ya mguu kwa wenye kisukari unasema antibayotiki kama wiki 6 pale mfupa haujatolewa, na mpaka wiki 3 kama umetolewa ila uliobaki bado una vijidudu. Baba alitolewa kidole, mguu ukabaki, na daktari alimwambia wazi kwamba kutoa kidole mapema ndo kunaokoa mguu. Aliumia moyoni, hakutaka wageni wiki nzima, akawa mkali kwa kila mtu. Hiyo nayo mwambieni daktari, huzuni ya namna hiyo inamfanya mtu aache insulini na drisingi.

Katikati ya dozi kidonda kikakauka juu akataka kuacha vidonge, "nimepona". Mfupa hauponi kwa kasi ya ngozi, hapo msimwachie asimamie dawa peke yake, na asikanyagie kidonda hata kwenda chooni, omba magongo au kiatu maalumu.

Homa, wekundu unaopanda mguu, kidole kilichovimba kama soseji au kilichoanza kuwa cheusi, hizo nenda siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Na kila mkibadilisha bandeji piga picha kwa simu, daktari akiuliza kidonda kilianza kukua lini unamwonyesha, maana mzee atasema jana.