Maneno Matupu Katikati ya Mchezo wa Nyimbo

Vijana wanaoandika michezo ya kuigiza yenye nyimbo hapa Tanga huniuliza mara kwa mara ni muda gani waigizaji wanaweza kuzungumza bila muziki kabla watazamaji hawajaanza kunong'onezana na kutazama mlangoni. Jibu langu huwakera, kwa kuwa siwapi idadi ya dakika. Hofu yao naielewa: mji wetu umelelewa na taarabu, na mtu aliyelipa kiingilio kisha akakiona kinanda kimetegwa jukwaani anataka kukisikia. Hata hivyo, miaka niliyokaa na vikundi vya maigizo imenifundisha kwamba hadhira yetu huvumilia majibizano marefu kuliko tunavyodhani, mradi iwe na jambo inalolisubiri na iweze kuona kwa macho yake jambo hilo limefika wapi.

Mfano ninaoutumia kuwafundisha ni mchezo wa Marekani uitwao 1776, ulioanza kuonyeshwa Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo jijini New York, mwaka 1969, nyimbo zikiwa za Sherman Edwards na maneno ya kuzungumzwa yakiwa yameandikwa na Peter Stone. Katika onyesho lake la tatu wajumbe wa makoloni 13 wanabishana kuhusu kujitenga na Uingereza, na zaidi ya dakika 30 hupita bila kupigwa wala kuimbwa chochote, hata wapigaji waliruhusiwa kutoka mahali pao wakapumzike mpaka zamu yao irudi. Kwa hesabu ya kawaida mchezo wa namna hiyo ungedoda, lakini ulipata Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Broadway, ya mchezo bora wa muziki mwaka huohuo. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kila aliyeketi mle ukumbini alikwishajua kura ile iliishaje. Wanabaki wametega masikio kwa sababu sharti limewekwa kwamba makoloni yote yakubaliane, na ukutani upo ubao unaoonyesha kila koloni limeelekea upande gani, pamoja na kalenda inayobanduliwa kurasa siku zinapokwisha.

Nasi tuliwahi kuandika onyesho la kikao cha ukoo kuhusu mirathi ya nyumba ya Ngamiani, lililochukua karibu dakika 20 za maneno matupu. Katika mswada wa kwanza jamaa walikuwa wakitoa hoja tu, mmoja baada ya mwingine, na mazoezini hata sisi wenyewe tulichoka. Mwenzangu mmoja akapendekeza iwepo hati moja juu ya meza na pedi ya wino, ili kila anayekubali nyumba iuzwe aende akabonyeze dole gumba mbele ya watu wote. Maneno hayakupungua hata sentensi moja, ila kuanzia hapo watazamaji walikuwa wakihesabu vidole. Shangazi alipoinuka, akakunjua kidole juu ya wino, kisha akakifuta kwa ncha ya leso bila kukibonyeza popote na kurudi kukaa, kelele iliyopigwa na akina mama wa safu za mbele ilishinda ya wimbo wowote wa usiku ule. Basi ukiandika majibizano marefu, jiulize kwanza kitu gani jukwaani kitabadilika mbele ya macho ya mtu aliye kiti cha mwisho, ambaye pengine nusu ya maneno hayasikii vizuri kwa ngurumo ya feni.

Lipo pia suala la wimbo unaofuata, na hapa ndipo waandishi wengi huvurunda, kwani baada ya maneno mengi huona haya na kuingiza wimbo mkubwa wa furaha kama fidia. Wimbo huo husikika mgeni. Katika mchezo wa 1776, wimbo unaovunja ukimya unatokana na ubishi wenyewe: kamati ya watu watano inasukumiana kazi ya kuandika tamko la uhuru, kila mmoja akitoa udhuru wake. Hivyo mabishano yanaendelea, ila sasa yana mapigo. Nasi katika kikao chetu tulimwachia wimbo yule ambaye hakuwa amepewa nafasi ya kusema, naye alianza kwa sauti ya chini, karibu na ile ya mazungumzo, ngoma zikaingia ubeti wa pili.

Tofauti kubwa kati yetu na Broadway ni kwamba kule wapigaji huwa wamefichika chini ya jukwaa, ilhali sisi huwakalisha waonekane, kama ilivyo desturi ya taarabu. Wakinyamaza muda mrefu, ukimya wao nao unatazamwa. Nimewahi kuona onyesho la msiba likiharibiwa na mwanga wa simu uliomulika uso wa mpiga kinanda akitabasamu peke yake. Ninashauri wapewe nafasi ndani ya hadithi, wawe majirani au mashahidi wa kikao, au watoke kabisa. Wakitoka, ukumbuke hewa yetu ya pwani: ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu wa usiku, kwa hiyo awepo mtu nyuma ya ukumbi wa kuzipasha moto kabla zamu haijafika, na mpiga fidla apewe muda wa kukaza nyuzi mahali ambapo hasikiki.

Wengine hunishauri kufunika maneno kwa kinanda cha chinichini tangu mwanzo hadi mwisho. Silipendi shauri hilo. Muziki wa namna hiyo huieleza hadhira namna ya kuhisi kabla mwigizaji hajafanya kazi yake, na vipaza sauti vyetu vinavyokwaruza humeza maneno. Hofu hii ya maneno bila muziki si ngeni wala si yetu peke yetu: Carmen, opera (mchezo wa kuimbwa) ya Mfaransa Bizet, ilipoonyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1875 ilikuwa na mazungumzo ya kawaida kati ya nyimbo, lakini mtunzi alipofariki mwaka huohuo, Ernest Guiraud aliyageuza yakawa ya kuimbwa, na kwa miongo mingi ndivyo opera hiyo ilivyojulikana katika kumbi nyingi.

La mwisho linahusu mazoezi. Msiyafanye maneno siku moja na nyimbo siku nyingine, kwa sababu koo lililokuwa likizungumza na kugomba kwa muda mrefu haliimbi kama koo lililopashwa moto, na mwimbaji atajua hilo tu akiyapitia yote mfululizo. Sisi hushusha wimbo unaofuata nusu hatua ikibidi, na mpiga kinanda humpa mwimbaji noti moja, hafifu, chini ya sentensi ya mwisho ya mazungumzo.