Kati ya ukoka na pevingi: bustani ya Dodoma isiyomaliza tangi

Kabla hujanunua mpira wa kumwagilia, piga hesabu kidogo. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukoka wa Dodoma mwezi wa Septemba, jua kali na upepo mchana kutwa, unaweza kutaka milimita tano kwa siku ili ubaki kijani. Kipande cha mita kumi kwa kumi mbele ya nyumba kitakunywa lita 500 kila siku, yaani madumu 25 ya lita 20. Mgao wa maji ukibana, hakuna mgeni wa kumpa madumu 25 aoge, ila majani tunayapa!

Mji huu hupata kama milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni vumbi. Anayetaka uwanja wa kijani kama wa Lushoto, kule milimani Tanga, hapa Ilazo au Nzuguni amejiajiri mwenyewe kazi ya kubeba maji.

Wengi wameliona hilo, na dawa waliyoipata ni pevingi, vile vitofali vya zege vya kutandaza chini, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Fundi aliyenijengea uzio alinishauri hivyohivyo: "Mama, tupige pevingi zote, utapumzika kabisa kumwagilia." Nikamwambia, "Fundi, na saa nane mchana nitakaa wapi?" Ni kweli pevingi hazinywi maji, lakini pia haziyaachi yazame. Mvua moja ya Januari ya milimita 30 kwenye uwanja wa mita 300 za mraba ni lita 9,000. Karibu boza zima, lile lori la maji, la lita 10,000 linapita getini kwako na tope lake, linakwenda kuchimba mfereji mbele ya jirani, halafu mwezi wa sita unampigia simu mwenye boza. Juu ya hayo, zege hilo linashika joto mpaka usiku. Mimi nimeweka pevingi njia ya gari na njia ya mlangoni tu.

Watu wakisikia bustani ya ukame wanakimbilia kwa wauza miche kutafuta mimea ya jangwani. Mimea iache kwanza, uanze na udongo. Udongo mwekundu wa huku ukiachwa wazi unashika gamba juu, mvua ikija inateleza kama imemwagwa kwenye bati. Fanya jaribio: mwagilia kwa mpira mpaka uso wa udongo uwe mweusi kwa maji na roho yako iridhike, kisha chimba hapohapo kwa ncha ya panga. Mara nyingi utakuta unyevu wa vidole viwili, na chini yake vumbi kavu. Mizizi inafuata maji yaliko. Ikizoea kukaa juu, siku mbili tu bila maji mmea umenyauka.

Kwa hiyo mwezi wa Oktoba na Novemba, ardhi ikiwa bado ngumu, ndipo kazi ilipo. Angalia maji yanakimbilia upande gani mvua ikinyesha, kisha chimba mashimo ya nusu duara, mdomo wake ukiangalia kule maji yanakotoka, na udongo uliochimbwa uufanye tuta upande wa chini. Mbinu hiyo haina ugeni wowote, wanaopambana na ukame vijijini wanaitumia shambani. Mti unakaa ndani, karibu na tuta. Shimo la mti lenyewe liwe la sentimita 60 kwa 60 hivi, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Maji yanayotuama humo yazame ndani ya siku moja au mbili. Yakikaa zaidi, chimbua chini ulegeze udongo, la sivyo unafuga mbu.

Kisha matandazo. Mabua ya mtama, majani makavu, na kitu ninachokipenda kuliko vyote: maganda ya karanga, ambayo kwa wanaobangua unaweza kupewa gunia bure. Tandaza unene wa vidole vinne hivi, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Mchwa wa Dodoma hawana utani, matandazo yakigusa gome watahamia kwenye mti. Kokoto nazo ni nzuri kwenye kona ya shubiri mwitu, ila usizimwage chini ya dirisha la chumba cha kulala. Joto lake utalisikia kitandani.

Sasa mimea. Ipange kwa kiu yake na kwa umbali kutoka kwenye maji. Mpapai na migomba miwili mitatu naiweka yanapotokea maji ya bafuni, kwenye shimo lililojazwa kokoto ili maji yasituame juu. Maji ya kusuuza nguo yanakwenda kwenye miti siku hiyohiyo, maana yakilala kwenye ndoo yananuka. Yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe simwagi bustanini kabisa, na mchicha siupi maji ya sabuni ya aina yoyote.

Katikati ya uwanja panafaa bogenvilia na mkomamanga. Bogenvilia ukiibembeleza kwa maji mengi inakupa majani matupu. Ikibanwa kidogo ndipo inapolipuka maua. Na jamani, tuko Dodoma, tusisahau zabibu. Mzabibu uliopandishwa kwenye chanja mbele ya baraza unakupa kivuli, na ukiupogoa vizuri unavuna mara mbili kwa mwaka. Unataka maji, sikatai, lakini lita 20 zikimwagwa taratibu kwenye shina moja zinafanya kazi ambayo ukoka hauwezi hata kuiota. Mbali kabisa, ukutani, wanakaa wale wasioomba kitu: shubiri mwitu, mkonge, mpungate. Mnyaa unafanya ua zuri sana, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari, hivyo penye watoto wanaocheza usiupande. Mwarobaini ni mti wa kivuli usio na mshindani hapa, ila uweke mbali na karo la maji machafu na ukuta, mizizi yake haiombi ruhusa.

Kuna kona moja nimeiacha bila jembe. Mvua zikishika, mlenda unaota wenyewe pale. Wageni kutoka Dar wanadhani ni uchafu, mpaka waone uko mezani na ugali.

Kwa mboga chache za jikoni, tumia chungu. Kiwe cha udongo uliochomwa, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Kifukie mpaka shingoni, panda mchicha na nyanya kukizunguka, jaza maji, funika kwa kifuniko au kigae ili mbu wasitage na jua lisiibe. Maji yanapenya ukutani polepole kadiri udongo wa nje unavyokauka. Ukifunua asubuhi utaona maji yameshuka huku uso wa udongo nje uko mkavu kabisa, na magugu hayaoti kwa kukosa unyevu wa juu. Chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko nayo inasaidia, lakini tundu lake linaziba ovyo.

Kama una watoto wadogo, bakiza kipande cha ukoka cha kuchezea, mita tatu kwa tatu kinatosha. Mwezi wa nane kikigeuka kahawia kiache, ukoka hulala, haufi kirahisi. Mvua zikirudi nao utarudi.

Jambo moja wauza miche hawalisemi: mmea unaovumilia ukame hauzaliwi ukiwa umeshavumilia. Mwaka wa kwanza unataka kutunzwa. Panda mvua za kwanza za Desemba zikishalowesha ardhi, ili miezi minne mbingu ikusaidie. Kuanzia Mei, mpe mche maji mengi kwa mkupuo, jioni jua likishapoa, kisha uuache mpaka udongo wa chini ya matandazo ukauke kwa kina cha kidole kizima. Uchomeke kidole, usikisie kwa macho. Ongeza siku za kusubiri kidogo kidogo. Kwa mkomamanga na bogenvilia, kiangazi cha pili nilikuwa namwagilia mara chache sana, na shubiri nilishaacha kabisa. Mzabibu peke yake ndio bado una zamu yake ya ndoo.