Kitabu cha skauti kilindwe na maji, kisinyimwe hewa

Masika yakishika Pemba, hata chumvi ya jikoni hutoa maji ndani ya mkebe wake. Sasa fikiria kitabu cha mtoto wa skauti. Hakikai kabatini kikisubiri mtihani. Kinakwenda kambini, kinafunuliwa kwa mikono yenye mchanga, kinalazwa majanini wakati mwenyewe anahangaika na fundo, kisha kinarudi nyumbani kikiwa na jasho la mgongo wa mtoto. Kitabu anachotumia mwanangu hapa Wete alikirithi kwa kaka yake, na bado kina kurasa zote. Kwa hiyo haya ninayoyaandika tumeyajaribu nyumbani.

Wazazi wengi huku wanaogopa mvua, basi wanakitia kitabu ndani ya nailoni, wanakaza pande zote, wanaona kazi imekwisha. Mvua haiingii, ni kweli, lakini na unyevu uliokwishaingia kwenye karatasi hautoki. Kuvu hupata nguvu pale unyevu wa hewani unapovuka kama asilimia 65, na sisi visiwani tunaishi juu ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Ukija kukifungua unakutana na madoa ya kijivu pembezoni mwa kurasa na ile harufu ya koga ambayo haiondoki tena. Mfuko wa nailoni ni wa safari tu. Mtoto akifika nyumbani kitoke mfukoni, kisimamishwe mezani kurasa zikiwa zimeachana kidogo, kipigwe na upepo wa feni au wa dirishani. Juani hapana, karatasi hujikunja na wino hupauka.

Kava la kukivalisha kitabu nalitengeneza mwenyewe. Natumia karatasi ya kaki kwa ndani na nailoni nzito inayoonyesha kwa nje. Naikata izidi gamba la kitabu kwa vidole vinne kulia na kushoto, naikunja ziada kwa ndani, halafu naliingiza gamba katika mifuko miwili inayopatikana. Upime kitabu kikiwa kimefungwa. Ukipima kikiwa wazi, kava litakuwa fupi, na kila kikifungwa litalivuta gamba mpaka ling'oke kwenye uti, yaani mgongo wa kitabu. Selotepu ishike kava kwa kava tu, isiguse kitabu chenyewe. Gundi yake hugeuka manjano, na kwa joto la huku hutambaa na kuacha doa la kudumu. Uzuri wa kava lisilogandishwa ni kwamba unalivua, unafuta jasho na vumbi, unalirudisha.

Uti unataka maelezo zaidi, maana ndiko vitabu vingi vinakofia. Kitabu cha gundi tupu, kisichoshonwa, kinavunjika mtoto anapokikunja gamba kwa gamba ili akishike kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukishika kamba. Kikiwa kipya kizoeshwe kwanza. Kisimamishe juu ya meza kwa uti wake, laza kurasa chache za mwanzo, kisha chache za mwisho, ukizipapasa taratibu kwa kiganja na kuelekea kati. Baada ya hapo kitakubali kulala wazi bila kushikiliwa. Ukurasa wa kwanza ukianza kuchomoka, kipeleke kwa fundi anayejalidi misahafu na juzuu za chuoni, yaani madrasa, akishone kwa uzi. Usisubiri zichomoke nyingi. Wapo wanaokata uti na kutia ringi. Kwa kambini ringi zina faida, kitabu kinalala wazi kabisa, lakini mimi nazikubali zikiwa za plastiki tu. Za chuma zinashika kutu kwa hewa ya chumvi na kutu inahamia kwenye karatasi.

Si lazima kitabu kizima kiende kila mahali. Kurasa za mafundo na za huduma ya kwanza tumezitoa fotokopi na kuzipiga laminesheni. Hizo ndizo zinazokwenda ufukweni au kwenye tope la msitu wa Ngezi, na kitabu kinabaki hemani. Ndani ya begi kikae upande wa mgongoni, kimenyooka, mbali na chupa ya maji na mbali zaidi na chakula. Andazi moja lenye mafuta linaweza kupenya kurasa kumi, na makombo yake ni mwaliko kwa mende, ambao wakishafika hula na gundi ya uti.

Kuhusu wadudu, nafunga karafuu kavu katika kitambaa chembamba na kukiweka kwenye rafu, kama tunavyofanya kwenye sanduku la nguo. Zisiguse karatasi, zina mafuta. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu pia vinafaa kwa kunyonya unyevu, ila navyo hujaa. Mchele siutaki karibu na kitabu, unaleta fukusi.

Na kikilowa? Usikilazimishe kufunguka kikiwa chepechepe, karatasi itachanika. Kikandamize kwa taulo kwanza, kisha weka tishu baina ya kurasa na uzibadilishe kila zinapolowa, hasa kwenye kurasa zinazong'aa, maana hizo zikikaukia pamoja zinagandana moja kwa moja. Kikianguka baharini, kichovye kwanza kwenye maji safi ya mfereji, yaani ya bomba, kikiwa kimefungwa. Najua inashangaza kukilowesha kilicholowa, lakini chumvi ikibaki ndani itaendelea kuvuta unyevu na kitabu hakitakauka milele.

Mtoto mwenyewe asiachwe nje ya haya. Watoto wetu wameshafunzwa chuoni kunawa mikono kabla ya kushika juzuu na kutoiweka chini. Heshima ya msahafu ni yake peke yake, siilinganishi na kitu kingine, lakini tabia ya mkono mtoto anayo tayari na ni rahisi kumwomba aitumie hapa pia. Wangu nimempa kipande cha ukindu mkavu kuwekea alama, badala ya kukunja pembe za kurasa. Usiwe wa kutiwa rangi, rangi inachuja. Kava nalo analibadilisha yeye sasa, na kwa mtoto anayesema "Uwe tayari" kila wiki, hiyo ni kazi anayoipenda.

Limebaki la saini. Kitabu cha mwanangu kina kurasa za nyuma ambapo kiongozi wake husaini kila hatua anayofaulu, na hizo ndizo hazinunuliki tena dukani. Mwombe kiongozi atumie kalamu ya kawaida ya bolpeni, si ya jeli, kwa sababu wino wa jeli nyingi hutawanyika ukipata maji. Jina la mtoto na kundi lake liandikwe kwa penseli, haliyeyuki. Kila saini mpya ikiongezeka, piga picha ukurasa huo kwa simu siku hiyo hiyo na umtumie mtu mwingine wa nyumbani, ili picha isikae kwenye simu moja.