Usibonyeze "badilisha zote" kwenye "off of"

Ndugu, iache hiyo kompyuta kwanza. Unasema umeambiwa "off of" ni kosa, kwamba "off" peke yake inatosha, na unataka kuifuta hiyo "of" yote kwa mkupuo katika ripoti ya Kiingereza ya kurasa 60. Hapo kwenye mkupuo ndipo nilipoangukia mimi, hapahapa Goma.

Nilikuwa Himbi, usiku, umeme unakatika na kurudi, nahariri ripoti ya shirika moja. Mkufunzi wetu wa kozi ya jioni alitukaririsha kwamba "off of" ni ya wasiosoma, ukiiona popote futa "of", ibaki "off". Nikabonyeza badilisha zote. Kompyuta ikaniandikia: mahali 41. Asubuhi nikatuma.

Ukurasa wa kwanza tu ulikuwa na "the kick-off of the project", uzinduzi wa mradi. Nikauacha "the kick-off the project". "The switching off of the generator", kuzimwa kwa jenereta, ikabaki "the switching off the generator". Humo "off" imeshikana na neno lililotangulia, zimekuwa jina moja, na "of" ndiyo "wa" au "kwa" yetu. Ukiing'oa ni kama kuandika "uzinduzi mradi". Hata maneno ya Mmarekani aliyenukuliwa niliyachezea! Kazi ikarudishwa, dola 180 sikuziona, na pesa hiyo nilishaiahidi kwa karo ya mdogo wangu.

Yule mkufunzi ananiuma roho hadi leo. Hakutuambia kwamba Wamarekani huisema kila siku, wala kwamba Shakespeare aliandika "a fall off of a tree", kuanguka kutoka mtini, katika tamthilia ya Henry VI, sehemu ya pili. Kosa gani hilo la wasiosoma? Katika maandishi rasmi, hasa ya Kiingereza cha Uingereza, naikata kweli: "he fell off the boat", alianguka kutoka kwenye boti, inatosha. Lakini naikata nikiwa nimeiona kwa macho.

Tafuta moja, soma sentensi nzima, nenda kwa inayofuata. Kabla ya "off" kukiwa na kitendo kama "fell" au "got", "of" inaweza kuondoka. Ukikuta "the" imetangulia, kama kwenye "the kick-off of", simama, usiiguse. Nukuu ziache zilivyo. Na kabla hujaanza, hifadhi nakala ya faili kwenye fleshi; mimi sikuwa nayo.