Kushona mkunjo wa kudumu kwenye suruali ukiwa nyumbani

Mkunjo wa nje kwenye mguu wa suruali, ule unaoshonwa ukakaa badala ya kukunjwa kwa mkono kila asubuhi, hudhaniwa kuwa kazi ya fundi mzoefu peke yake. Nimeshona mingi kwenye suruali zangu na za watu wa nyumbani, na ninachoweza kusema ni kwamba cherehani hufanya sehemu ndogo sana ya kazi hii. Vipimo na pasi ndivyo vinavyobeba karibu kila kitu, na mtu anayeweza kupiga mstari kwa chaki kisha akaufuata kwa pasi bila kuyumba hatashindwa.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba kitambaa kinatosha. Mkunjo wenye kimo cha sentimita 4, ambao kwangu ndio unaopendeza zaidi kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, huhitaji sentimita 11 za kitambaa chini ya mahali ambapo suruali itaishia. Ndiyo maana mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza na Marekani zilikataza mikunjo hii kwenye suruali za kiraia ili kuokoa kitambaa. Suruali inayofaa ni ile ambayo bado haijakungwa upindo, au iliyo ndefu sana kwa mvaaji. Ikiwa tayari ina upindo, ufumue na uupime pia, kwa kuwa mara nyingi huficha sentimita kadhaa.

Angalia vilevile umbo la mguu. Mguu ulionyooka kuanzia gotini hadi chini hukunjika bila taabu, lakini mguu unaoendelea kuwa mwembamba kuelekea chini huleta shida, kwa sababu sehemu nyembamba italazimika kurudi juu na kuizunguka sehemu pana, na mkunjo utabana na kuvuta. Hapo hakuna budi kufumua mishono ya pande zote mbili kuanzia usawa wa mahali suruali itakapoishia kwenda chini, kisha kuishona upya ikipanuka kadiri inavyoteremka na kurudi kupungua baada ya ukingo wa mkunjo, mradi kuna kitambaa cha kutosha ndani ya mishono yenyewe. Suruali za jinzi zenye mishono iliyolazwa na kushonwa mara mbili simshauri anayeanza azichukue, kwa kuwa mahali mishono inapokutana huwa panene kiasi cha kuvunja sindano.

Kitambaa cha pamba au kitani kifuliwe na kukaushwa kabla ya kupimwa, kwa kuwa kikija kurudi baada ya kushonwa hakuna dawa. Mvaaji avae viatu atakavyovitumia na suruali hiyo, afunge mkanda mahali anapoufunga siku zote, asimame wima na kutazama mbele. Akiinama kuangalia, suruali hupanda nyuma na kipimo huharibika, kwa hiyo mtu mwingine ndiye apige pini. Pima kila mguu peke yake, maana miguu ya mtu si lazima ilingane. Kuna tofauti moja kubwa na upindo wa kawaida: upindo wa kawaida unaweza kushonwa ukiteremka kidogo nyuma ili ufunike kisigino, lakini mkunjo ni lazima uwe mlalo kuzunguka mguu mzima, kwani mstari ulioinama ukikunjwa hupindisha kila kilicho juu yake. Kwa sababu hiyo suruali yenye mkunjo huishia juu kidogo, mahali inapogusa kiatu kwa mbele bila kujikusanya.

Sasa hesabu yenyewe. Geuza suruali nje ndani, uilaze mezani, na upige kwa chaki mistari minne kuzunguka kila mguu. Mstari wa kwanza ni urefu kamili wa suruali. Wa pili uko sentimita 4 chini yake, na ndio utakaokuwa ukingo wa juu wa mkunjo. Wa tatu uko sentimita 4 nyingine chini, na wa nne, ambao ndio wa kukatia, uko sentimita 3 chini ya huo wa tatu. Ukitaka mkunjo wa kimo kingine, badili zile sentimita 4 mahali pote pawili, lakini zile za mwisho zibaki pungufu kuliko kimo cha mkunjo; sababu yake itaonekana mbele. Pima tena kabla ya kukata, ukianzia kwenye makutano ya miguu kushuka kwa mshono wa ndani, kisha kata na uzuie ncha isifumuke nyuzi kwa ovaloki, ile cherehani ya kufunga kingo, au kwa mshono wa zigizaga.

Kunja kitambaa kuelekea upande wa ndani kwenye mstari wa pili, ulinganishe mishono ya pembeni, na upige pasi hadi ukingo uwe mkali. Sufu ipigwe pasi juu yake kukiwa na kitambaa chenye unyevu, tena kwa kuibonyeza na kuinua, kwa sababu kuisugua huinyoosha. Ncha uliyoikata sasa itakuwa sentimita 3 juu ya mstari wa urefu. Ishikize kwa pini au piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kisha shona kuzunguka mguu nusu sentimita kutoka kwenye ncha hiyo, kwa mshono wenye urefu wa milimita 2.5 hadi 3. Sindano namba 90 hutosha kwa vitambaa vingi vya suruali, na namba 100 kwa vile vizito.

Geuza suruali upande wa kuvaa. Mshono uliopiga utaonekana wazi kwa nje, nawe utadhani umeharibu. Kunja mguu kwenda juu kwenye mstari wa urefu: ukingo wa mkunjo utapanda sentimita 4, na ule mshono utafichwa chini yake, kwa sababu wenyewe uko sentimita 2 na nusu tu kutoka chini. Ndiyo sababu ya zile sentimita za mwisho kuwa pungufu. Piga pasi tena, kwa mvuke ikiwezekana, na usiiondoe suruali mezani hadi ipoe.

Kilichobaki ni kuuzuia mkunjo usiteremke. Kwa sindano ya mkono, shona mara mbili au tatu kwenye mshono wa pembeni na mara mbili au tatu kwenye mshono wa ndani, nusu sentimita chini ya ukingo wa mkunjo, ukishika tabaka la nyuma la mkunjo na mguu wa suruali bila kutokeza uzi kwenye uso wa mbele. Wapo wanaoshona kwa cherehani juu ya mkunjo mzima, na wapo wanaobandika kwa utepe wa gundi unaoyeyushwa kwa pasi. Njia ya kwanza huufanya mkunjo uonekane kama kiraka, na ya pili huanza kuachia baada ya kufuliwa mara kadhaa. Sizipendi zote mbili.

Kitambaa kisipofika sentimita 11 lakini kikafika 6, unaweza kushona mkunjo wa kuiga. Kunja ndani sentimita 4 na milimita 6 na upige pasi, kisha ukunje sehemu hiyo yote tena kwa ndani ili ncha iliyokatwa iwe ndani ya mkunjo mpya, ushone milimita 6 kutoka kwenye ukingo huo kuzunguka mguu, na uiteremshe chini. Kwa mbali huwezi kuutofautisha na mkunjo wa kweli, ingawa huwa mwepesi na hauivuti suruali ikanyooka vile vile.

Mkunjo wa kweli hukusanya vumbi na nyuzi ndani yake. Kata zile nyuzi za mkono mara moja moja, uufungue, uupige brashi na kuushikiza upya. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mguu.